Mtu Niliyemwalika Kwenye Ziwa la Chumvi

Niliwahi kuamini kwamba theluji inasafirishwa kwa madebe. Cheka tu, nakungoja. Niliamini kabisa, mimi huyu mwenye cheti cha shule ya jioni, kwamba Mzungu mmoja mchimba visima ameagiza theluji ya kwao kwa meli, imefungwa kwenye madebe kama mafuta ya taa, imepanda reli, imepanda lori, na sasa imefika upande wa Hanang. Huko ataimwaga chini, kisha mbwa watavuta magari juu yake. Aliyeniambia ni Mzee Salum, mfanyabiashara wa Dongobesh, na alinieleza mpaka rangi ya madebe.

Nakuambia hili kwanza kwa makusudi. Mtu anayekiri mbele yako kwamba alidanganywa namna hiyo, yatakayofuata akudanganye kwa faida gani? Najua wanaonifahamu husema napenda kutia chumvi. Katika kisa hiki chumvi ilikuwepo tayari, tena ya kutosha wilaya nzima, sina haja ya kuongeza yangu. Nilimwona yule mtu mchana, si usiku. Niliketi naye. Nilizungumza naye kuliko nilivyopata kuzungumza na mtu yeyote. Niamini.

Lakini ili unielewe, lazima ujue mwaka niliokuwa nimetoka kuumaliza.

Sisi watu wa Mbulu tuna jambo tunaloliita metimani. Vifo vya namna fulani vikiingia nyumbani kwako, unatengwa. Hakuna anayekuchukia, ni mwiko tu, na kila mtu anaufuata ili balaa lisisambae. Huchoti maji pamoja na wenzako. Huombi moto kwa jirani. Hupokei mkono wa mtu wala humpi wako. Mwenye neno la kukuambia anasimama ng'ambo ya mpaka wa shamba lako na kupaza sauti, na mwenye kukuletea kitu anakiweka chini, anarudi nyuma, ndipo wewe unakwenda kukichukua. Mke wangu alifariki akijifungua, na mtoto hakukaa hata siku moja akamfuata mama yake. Basi nikawa mtu wa mwiko, pale Tlawi, katika nyumba ambayo hata panya walikuwa wamehama kwa upweke.

Aliyebaki ni mbwa wangu, Karani. Nilimwita hivyo kwa sababu nilipokuwa nikisoma kitabu changu cha shule ya jioni, yeye aliketi mbele ya ukurasa kama anayekagua. Shule yenyewe sikuweza kwenda tena, nikawa namsomea yeye. Nilimsomea kitabu chote kwa sauti, mara nyingi mno, na ninaapa ilifika mahali nikikosea neno ananitazama vibaya. Mwaka mzima hakuna kiumbe aliyenigusa isipokuwa mbwa yule. Usiku wa baridi, na wewe unaijua baridi ya Tlawi ya mwezi wa saba, alilala mgongoni kwangu.

Mwiko ulipoisha, nikanyolewa, pombe ikanywewa, na mtu wa kwanza kuingia ndani kwangu kama mgeni alikuwa jumbe. Aliketi. Alipokea kibuyu kutoka mkononi mwangu, vidole vyake vikagusa vyangu, na mimi karibu nilie. Akasema Bwana Theluji, ndivyo tulivyomwita yule Mzungu, anatafuta mbwa wenye kifua kipana kwa ajili ya mashindano, na amesikia juu ya Karani. Angeniomba paa la nyumba siku hiyo ningempa. Nikamfunga mbwa kamba mwenyewe.

Jioni ile nilipofungua kitabu ndipo nilipojua nimefanya nini.

Kwa hiyo sikwenda kwenye mashindano kutazama tu, ingawa theluji nilitamani kuiona. Nilikwenda kumrudisha Karani nyumbani. Nilishuka mpaka Dongobesh, nikaungana na Mzee Salum aliyekuwa akipeleka sukari na majani ya chai huko kwenye mashindano, punda wake wakiwa mbele. Tulilala Bashay, asubuhi tukaendelea kuteremka. Upepo wa Hanang ulikuwa ukivuma kiasi kwamba punda mmoja alitembea akiwa amelala upande. Mzee Salum aliniita Mwanafunzi njia nzima.

"Mwanafunzi, theluji ukiiona usiile yote. Waachie na wenzako."

Nikamjibu kwamba nitaonja kidogo tu, Mzee wangu.

Tulipotokeza juu ya kilima cha mwisho, ukiifuata njia ya Balangdalalu, nikaiona. Mbele yetu palikuwa peupe. Peupe mpaka macho yanauma, pamenyooka kama meza, hakuna mti, hakuna jiwe, mlima Hanang umesimama kwa mbali kama mtu asiyehusika. Nilikimbia. Nilipiga magoti nikachota, nikatia mdomoni. Pembeni palikuwa na kina mama wa Kibarabaig wakikusanya mafungu kwa ajili ya ng'ombe wao. Wakanitazama nikitema, na mmoja akamwuliza Mzee Salum kama huyu mtu wa milimani hajawahi kuona chumvi. Walicheka mpaka wakakaa chini. Ziwa lilikuwa limekauka kwa kiangazi, basi. Ndivyo ilivyoisha theluji yangu ya madebe.

Bwana Theluji alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu na huzuni fulani. Alituhutubia kwa Kiswahili cha kuvunja kuni. Alisema kwao jua hujificha miezi na miezi, na watu hufunga mbwa kwenye magari yasiyo na magurudumu, yanayoteleza, nao husafiri hivyo wiki nzima kutoka mji mmoja hadi mwingine. Alisema tangu aje huku, hajaona mahali pengine panapomkumbusha kwao ila hapa. Nikafikiri, kumbe na huyu naye yuko peke yake. Magari yake yalikuwa mapanda ya miti yaliyochongwa chini yakalainishwa kwa mafuta, kila moja na mbwa wake waliofungwa kwa kamba za ngozi, na mtu mmoja wa kukimbia nyuma akiongoza. Mbio zilikuwa kuzunguka ziwa zima.

Karani alinitambua. Alifungwa mbele ya kundi lake, na mwongozaji wake, kijana wa Bashay aitwaye Bura, alishindwa kumzuia asinirukie. Nilimshika kichwa nikamwambia akimaliza tunarudi nyumbani. Bura akaniambia nisiwe na wasiwasi, mbwa huyu ana akili kuliko yeye.

Kuanza kwenyewe nisikueleze sana. Kundi la kwanza lilipigana. La pili lilimwona sungura likaelekea Singida. Lakini yaliyobaki yalikwenda, tena yalikwenda vizuri, na watu walipiga vigelegele mpaka magari yakawa nukta nyeusi, kisha hata nukta hazikuonekana. Tukakaa kungoja. Mzee Salum aliuza chai.

Saa za alasiri upepo uligeuka. Kama hujawahi kuona upepo ukiinua ziwa la chumvi lililokauka, nitakuelezaje? Chini palikuwa peupe, na sasa katikati na juu pakawa peupe vilevile. Jua likawa kama sarafu iliyofifia. Makundi yakaanza kurudi moja moja, mbwa wakikohoa, watu wakiwa wamefunga nyuso zao kwa nguo. Karani hakurudi. Mwishowe akatokea Bura, kwa miguu, peke yake. Alieleza kwamba aliteleza akaanguka, mbwa wakaendelea na gari tupu, akawaita mpaka sauti ikakauka. Bwana Theluji akasema tungoje upepo utulie. Alisema hata kwao watu hungoja.

Mimi sikungoja. Mzee Salum alinishika shati.

"Kaa chini, Mwanafunzi. Mbwa atarudi mwenyewe, wewe hutarudi."

Nikamwambia, Mzee, nyumbani kwangu hakuna mtu mwingine. Akaliachia shati.

Nilitembea nikiita. Kwa muda nilisikia watu nyuma yangu, halafu nikasikia upepo, halafu, na hapa sikuzidishii, sikusikia hata upepo. Chumvi ilikuwa ikipita machoni pangu kwa kasi lakini bila sauti. Kilichosikika ni miguu yangu tu, maana ziwa lile lina gamba juu na tope chini, ukikanyaga linavunjika kama kigae. Niligeuka kutazama nilikotoka, nikaona peupe. Nikatazama ninakokwenda, peupe. Nilisimama hapo na kujiona mdogo kama punje moja ya uwele iliyoanguka kwenye uwanja.

Ndipo nikamwona. Alikuwa amesimama mbele yangu, umbali wa mtu anayezungumza na jirani ng'ambo ya shamba. Mzee, mwembamba, amejifunika vazi la ngozi la zamani, lile la wazee wetu wa milimani. Nilifurahi sana. Nikasema shikamoo. Hakuitika. Nikadhani hakusikia, nikasogea nikinyoosha mkono, naye akarudi nyuma hatua moja, taratibu, bila kukasirika.

Hatua ile niliijua. Nani aijue kama si mimi? Mwaka mzima nilikuwa nikirudi nyuma hatua ile kila mtu aliposahau na kunisogelea. Nikasema moyoni, masikini, huyu ni mtu wa mwiko.

Na tangu hapo, ndugu yangu, kila kitu nilikieleza mwenyewe. Haitikii salamu? Mwiko unamwelemea, hana moyo wa kuongea. Vazi lake halipepei katika upepo ule wa kung'oa ndevu? Ngozi ni nzito. Anapohama kutoka hapa hadi pale gamba la chumvi halivunjiki? Mtu wa mwiko hali vizuri, amekonda, hata mimi nilikonda mpaka kivuli changu kilikuwa kinanizidi uzito. Nilikuwa na jibu la kila swali. Shule ya jioni hiyo.

Niliketi chini mahali nilipokuwa, ili asipate taabu ya kunikwepa. Naye akaketi. Nikatoa ugoro, nikauweka juu ya chumvi katikati yetu, nikarudi nyuma kama inavyotakiwa. Hakuuchukua. Nikamwambia asione haya, mimi pia nimetoka huko juzi tu. Nikaanza kumweleza. Nilimweleza habari za mke wangu, jinsi alivyoniita usiku ule na mimi nikadhani ananitania. Nilimweleza jinsi mtoto alivyokuwa na vidole virefu. Mambo hayo sikuwa nimemwambia mtu, kwa sababu ng'ambo ya shamba huwezi kupaza sauti kwa maneno ya namna hiyo. Yeye alisikiliza ameinamisha kichwa. Sijawahi kusikilizwa hivyo kabla wala baada.

Nilipomaliza nikasema, ninamtafuta mbwa wangu. Akainuka, akatembea, nami nikafuata kwa umbali uleule.

Hatukwenda mbali. Lile gari lilikuwa limekwama mahali ambapo maji hububujika chini na gamba ni jembamba. Mbwa watatu walikuwa wamejinyonganyonga katika kamba, wamezama tope mpaka matumboni, wamechoka hata kulia. Nilijitupa nikazikata kamba na kuwavuta mmoja mmoja. Karani alikuwa wa mwisho. Alipotoka, alijikung'uta, akanipita.

Alinipita mimi. Akaenda kwa yule mzee akalala miguuni pake, kidevu juu ya miguu, vilevile alivyokuwa akilala miguuni pangu mwaka ule mzima. Nilimwita. Akatikisa mkia, hakuinuka.

Ndipo yule mtu akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu aliyetoka kuamka.

"Niachie huyu."

Nikamwambia, mzee wangu, siwezi.

"Niko peke yangu," akasema.

Wewe ungefanyaje? Niambie. Mimi nilijua maneno yale yana uzito gani. Nilikuwa na kitu kimoja tu duniani na yeye alikuwa hana hata hicho. Kidogo nimwachie, nakiri. Nilitazama mbwa, nikatazama yule mzee, na nikatafuta kitu kingine cha kumpa. Basi nikasema maneno ambayo kwetu ni heshima, ambayo mimi mwenyewe nilitamani mwaka mzima mtu aniambie.

"Mwiko wako ukiisha, njoo kwangu. Utakaa na mimi na huyu mbwa. Hodi usijisumbue kupiga, ingia tu."

Akainua uso kwa mara ya kwanza. Usinitake niueleze. Ulikuwa uso wa mzee, haukuwa na kasoro, ila chumvi ilikuwa imekaa juu ya macho yake yaliyo wazi na hayakupepesa.

"Ni wapi?" akauliza.

Nami nikamwelekeza. Nilimwelekeza kama karani wa kodi: upite Dongobesh, upande mpaka Tlawi, uvuke kijito chenye gogo, nyumba iliyo peke yake yenye ua wa minyaa, mlango unatazama mawio. Nikamtajia na jina la babu yangu asije akapotea. Akalirudia jina lile polepole, kama mtu anayelihifadhi.

Karani akainuka akaja kwangu. Upepo ukaanza kusikika tena, kisha ukapungua, na chumvi ilipotua nikaona watu kwa mbali na moshi wa chai ya Mzee Salum. Yule mtu hakuwepo. Nikasema, amejiondoa kabla watu hawajafika, anafuata mwiko wake vizuri.

Tulirudi nyumbani. Mzee Salum aliponiuliza nani alinionyesha mbwa, nikasema mtu mmoja wa mwiko, na hakunitania tena hadi Dongobesh, jambo ambalo peke yake lingetosha kunishtua.

Mwaka uliofuata, baridi ilipoingia, jioni moja Karani aliinuka kutoka kwenye kitabu akaenda mpaka kwenye ua wa minyaa. Akatikisa mkia. Akalala pale, kidevu chini, akiwa amejipanga kama anayelalia miguu ya mtu. Nilitoka na kibatari. Sikuona mtu. Lakini nilihisi, kama unavyohisi mtu aliyesimama nyuma yako kanisani. Nikafurahi hata. Nikasema mgeni wangu amekuja kupatazama, mwiko wake bado haujaisha, ndiyo maana hakuingia. Nikaweka ugoro juu ya jiwe, nikarudi nyuma. Asubuhi ugoro ulikuwepo, na jiwe lilikuwa jeupe. Nikaonja. Unajua nilichoonja.

Hivyo kila kipupwe. Karani alizeeka akafa, na bado kila kipupwe. Jiwe huwa jeupe asubuhi, na kila mwaka linakuwa karibu zaidi na mlango, ingawa hakuna mkono wa mtu wa nyumba hii unaoligusa. Nilikwisha kuoa tena, nikapata watoto, nyumba ina kelele za kutosha kumfukuza chui, lakini ukifika mwezi wa saba, jioni, sote tunanyamaza bila kuambizana. Ndani ya nyumba iliyojaa watu mimi husikia upweke ule umesimama nje, na unanijua kwa jina la babu yangu.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma. Ukimsalimu mtu asiitike, usimtafutie sababu. Usimwonee huruma kwa haraka, hata kama huruma hiyo umeinunua kwa machozi yako mwenyewe. Na kwa vyovyote vile, usimwambie unakoishi.

Mimi nilichelewa kuonywa. Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama habari ya mtu wa mwiko niliyekutana naye ziwani, mpaka usiku mmoja mke wangu huyu wa sasa aliponiuliza, akiwa anachambua maharage, hata macho hakuinua.

"Wewe, ulipokuwa kwenye metimani, ulitoka nje ya shamba lako?"

Nikasema sikutoka hata mara moja. Nani hutoka?

"Basi," akasema. "Yule hakuwa na mwiko. Alikuwa amekufa, baba Elizabeti. Na kifo hakiishi kama mwiko, hata aweze kuingia. Atakuwa akija tu, kila kipupwe."